Farasi Hana Mwiko

Debe la nne lilipogonga jiwe na kutulia, maji yote yalikuwa yameshanywewa na vumbi. Farasi alikuwa amesimama upande wa pili wa njia, miguu yote minne inamtetemeka, macho yamemtoka, kamba inaburuzika nyuma yake.

Felicitas aliinama akaokota debe la kwanza, akaokota la pili. Wanawake waliokuwa wakipanda kutoka mtoni na maji yao kichwani walikuwa wamesimama kumtazama, wala hawakuona haya.

"Ni hasira zako hizo, muka Datius," akasema Maulida, akimwita mke wa Datius kwa Kihaya. Alikuwa mama mmoja wa Kiislamu aliyehamia kijijini kutoka Bukoba mjini, mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. "Mnyama anazinusa. Hasira hasara, dada yangu. Si tulikwambia?"

Hasira hasara! Kama aliyeitunga methali hiyo angalikuwa pale njiani, Felicitas angalimvika debe kichwani kisha akalipiga fimbo. Lakini alimeza. Wiki mbili sasa alikuwa akimeza tu, asubuhi, mchana na jioni, kama mgonjwa wa malaria anavyomeza kwinini, na uchungu wake haukupungua hata siku moja. Alimfuata farasi polepole, bega mbele, macho chini, akaokota ncha ya kamba na kuilegeza. Akangoja mpaka mnyama akashusha pumzi.

"Haya, Gaju," akamwambia. "Tuanze tena."

Siku nane zilikuwa zimebaki kufika Saba Saba. Na farasi yule yule ambaye wiki tatu nyuma alikuwa akitembea na madebe yanagongana mbavuni bila kujali, sasa alikuwa anaogopa hata kivuli cha masikio yake.

Ili uelewe kwa nini mwanamke wa Nyanga, ambaye kwao hakuna aliyewahi hata kumgusa farasi, alikuwa anahangaika na mnyama huyo kwenye bonde la Ngenge, itakubidi umjue Kashaija. Ukimjua Kashaija utakasirika na wewe, kwa hiyo jiandae.

Datius, mume wa Felicitas, alikuwa na kibanja kizuri pale Nyanga, karibu na mji wa Bukoba. Migomba imenenepa, mibuni imeshonana, makaburi ya wazee yako nyuma ya nyumba. Felicitas alikilima kibanja hicho miaka ishirini na mitatu. Alikitandazia nyasi, alikitia samadi, alikipogoa kwa mikono yake. Datius alikuwa mtu mwema, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa barazani akipokea salamu. Mungu aliwapa binti mmoja tu, naye aliolewa mbali. Basi Datius alipofariki, ukoo ukakutana, ukanywa rubisi ya ndizi alizozilima Felicitas mwenyewe, ukafuta midomo, ukamtangaza mrithi: Kashaija, mdogo wake marehemu.

Kashaija! Mtu ambaye kibanja chake mwenyewe kilikuwa kimemezwa na magugu mpaka madirishani. "Mwanamke hana kibanja," wazee wakasema. "Mwanamke ni wa kupita." Na Kashaija, kwa sauti laini ya mtu aliyeshiba, akamwambia shemeji yake kwamba anaweza kubaki. Alime, apike, na yeye atamtunza. Ati atamtunza! Mtu aliyeshindwa kutunza hata shina moja la mgomba.

Felicitas aliondoka na jembe, sufuria moja na rozari. Dukani kwa Yunus, pale mjini, redio ilikuwa inasema kwamba katika vijiji vya ujamaa ardhi ni ya yule anayeitolea jasho. Aliisikia kwa masikio yake mawili, na alikuwa mtu wa kuamini alichokisikia. Akapanda lori la serikali lililokuwa linawapeleka watu wasio na ardhi kwenye kijiji kipya kule Ngenge.

Kijijini kulikuwa na daftari lenye jalada jekundu. Aliyeandikwa humo alipewa ekari moja yake mwenyewe, mbali na shamba la pamoja. Asiyeandikwa alikuwa mgeni tu. Clavery, karani kijana aliyependa kupuliza wino ukauke, alimwuliza jina la mkuu wa kaya.

"Ni mimi," akasema Felicitas.

Clavery akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti wa kijiji, Rugaibula, akacheka kicheko chema. Hakuwa mtu mbaya Rugaibula, na hilo ndilo lililokuwa linaudhi zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika.

"Mama, humu tunaandika wanaume," akasema. "Ukipata mume, au shemeji yako akija, tutakuandika chini yake. Hakuna atakayekufukuza."

Wakampa kona ya ghala alale, na sehemu ya shamba la wote alime.

Ndipo akaja farasi. Mzungu mmoja wa ranchi alikuwa amefunga mizigo na kwenda kwao, akamwacha mnyama, na bwana mifugo akampakia kwenye lori na kumleta kijijini. Alikuwa jike, mwekundu wa udongo, mgongoni ana makovu ya mjeledi. Ati atabeba maji kutoka mtoni hadi kwenye zahanati iliyokuwa inajengwa. Wanaume wakamvamia siku hiyo hiyo kwa kamba na makelele. Mmoja akavunjika mfupa wa bega, mwingine akang'atwa mkono, wakampa jina la Mkoloni. Wiki nzima Mkoloni alikaa zizini akimtimua kila aliyekanyaga. Rugaibula akapendekeza achinjwe, ila hakuna aliyejua kama farasi analiwa.

"Nipeni mimi," akasema Felicitas mkutanoni.

Kukawa kelele. Kwa Wahaya, mwanamke hagusi ng'ombe. Hamkamui, hamchungi, zizini haingii. Felicitas alilijua hilo kuliko wote waliokuwa wanapiga kelele pale. Baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa mkungu mmoja, yaani mkuu wa kijiji wa zamani, na yeye utotoni alisimama nje ya ua, jicho kwenye tundu, akimwona baba anavyowatuliza mitamba wakali. Aliona yote, kila kitu. Hakuruhusiwa kugusa hata mkia.

Wazee wakabishana nusu siku kama mwiko wa ng'ombe unamhusu na farasi. Mwishowe Karugendo, mkubwa kuliko wote, akainua mkono.

"Ana pembe?"

"Hana."

"Kwato zake zimepasuka?"

"Hazijapasuka."

"Kuna mmoja wenu anayekunywa maziwa yake?"

Watu wakacheka.

"Basi mwiko wake haujazaliwa," akasema Karugendo. "Mwacheni mama wa watu. Akipigwa teke ni juu yake."

Rugaibula akakubali, nusu kwa mzaha. "Siku ya Saba Saba tuna mgeni mkubwa kutoka Bukoba. Mkoloni akipandisha madebe manne ya maji toka mtoni mpaka hapa barazani bila kuyamwaga, nitakuandika kwenye daftari. Akishindwa, unarudi Nyanga kwa shemeji yako. Mmesikia wote?"

Wote wakasikia.

Siku tatu za kwanza Felicitas hakufanya lolote. Aliingia zizini akaketi chini, mgongo amempa farasi, akawa anachambua maharage. Waliopita walicheka mpaka wakachoka. Siku ya nne pumzi ya moto ikamgusa shingoni, naye hakugeuka. Siku ya sita farasi akala ganda la ndizi mkononi mwake. Hapo akamwita Gaju, jina la ng'ombe wekundu wa zizi lile alilolichungulia utotoni. Mkoloni gani mwenye makovu mgongoni?

Kisha kamba. Alivuta kidogo, kidogo kabisa, akangoja. Gaju akakaza shingo. Akangoja. Jasho likamshuka, mbung'o wakamuuma, akangoja. Mguu mmoja wa mbele ulipojongea nusu hatua, papo hapo akailegeza kamba. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake, hapakuwa na nyingine. Mara mia kwa siku: mbele, simama, rudi nyuma, geuka. Gunia akampaka begani, na akaliondoa pale tu alipotulia, si pale aliporuka, maana ukiliondoa anaporuka umemfundisha kuruka. Madebe matupu aliyatundika kwenye mti juu ya kihori, upepo ukayagonganisha juma zima Gaju akiwa anakula, mpaka akachoka kuyaogopa. Ndipo akamfunga mgongoni magunia ya nyasi kwa kamba za migomba, na juu ya magunia hayo, debe moja kila upande.

Na hasira? Alikuwa nazo, tele, asikudanganye mtu. Kila akifunga fundo aliiona mibuni yake ya Nyanga na mkono wa Kashaija juu yake. Lakini alipoingia zizini alikuwa anaitikisa mikono kama mtu anayekung'uta maji, mpaka vidole vinalegea, kisha anashika kamba. Moyoni mwake kulikuwa kunawaka vilevile. Gaju hakuonekana kujali moyo wake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka katikati ya Juni. Halafu, bila sababu, mambo yakaharibika. Asubuhi moja alimkuta Gaju amelowa jasho, ngozi inaruka-ruka, anazunguka zizi kama anayefukuzwa. Kesho yake vivyo hivyo. Madebe aliyoyazoea akayapiga mateke. Ikifika jioni anatulia, ikifika asubuhi anaanza upya. Felicitas akarudi kwenye kamba tupu, akarudi kwenye gunia, akarudi kwenye kuchambua maharage. Haikusaidia kitu.

"Hasira zako," akasema Maulida. "Hasira zake," wakasema wanaume kilabuni. Hata Rugaibula akamwambia kwa huruma, "Tuliza moyo, mama. Mnyama ni kama mtoto."

Mtu akiambiwa neno moja na watu ishirini, ataanza kuliamini. Felicitas akaliamini. Akamwomba Maulida msamaha kwa maneno ambayo wala hayakuwa mabaya. Akawasalimu kwa tabasamu wanaume waliomcheka. Padri alipopita, akapiga magoti akaungama kwamba ana hasira na wazee wa ukoo, na hasira na shemeji yake, na hasira na marehemu mumewe aliyekufa bila kusema neno moja la kumtetea. Padri akampa sala za kitubio. Akazisali zote, akaongeza na nyingine. Na Kashaija alipofika kijijini kumtazama, amevaa kanzu nyeupe na koti, akaketi kwenye kiti cha mwenyekiti na kusema, "Shemeji, umekonda. Turudi nyumbani," Felicitas alimletea maji ya kunawa, akayaweka chini taratibu, akaondoka. Usiku huo meno yalimuuma kwa kuyakaza.

Asubuhi baada ya madebe yale kumwagika, alikuwa anazoa mavi zizini. Akaona kitu, akachuchumaa, akalichambua bonge kwa kijiti. Maganda. Maganda meusi na vipande vya buni. Akavisogeza puani. Ilikuwa kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia na kuanikwa, ambayo mgeni yeyote Uhayani hupewa kabla hata hajajiweka sawa kitini. Wala si punje mbili tatu. Akachambua bonge la pili, la tatu. Yote yalikuwa hivyo.

Kesho yake hakwenda mtoni. Alijibanza nyuma ya ghala, na jua lilipochomoza akamwona Rugaibula anakuja na kifuko cha ukili. Mwenyekiti akaegemea ua, akapiga mluzi mdogo, na Gaju akaja mbio kama mlevi aliyesikia kilabu kimefunguliwa.

"Tafuna, ndugu yangu," akasema Rugaibula kwa upendo, akimwaga kahawa kiganjani. "Tafuna. Mimi na wewe tutajuana." Konzi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mwenyekiti."

Rugaibula aliruka. "Maawe! Umenishtua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini? Hii? Ah, wiki mbili na kitu. Kila asubuhi. Umeona anavyonipenda?"

"Unampa kahawa, mwenyekiti. Farasi."

"Sasa ulitaka nimpe nini? Mgeni hupewa kahawa! Wewe si Mhaya?" Rugaibula akatabasamu, akashusha sauti. "Nataka anizoee. Siku ya Saba Saba nitamwongoza mimi. Hebu fikiri, mwanamke yuko mbele na kamba, mwenyekiti anafuata nyuma. Huyo mgeni atatuonaje?"

"Wewe ukitafuna ngapi unakosa usingizi?"

"Mimi? Nane. Kumi hivi."

"Na huyu umempa konzi tatu. Kila siku. Umemwona anavyotetemeka?"

Rugaibula akamtazama Gaju, akakitazama kifuko. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali ambalo halijawahi kumpitia kichwani.

"Lakini watu wote wanasema ni hasira zako," akasema, na kwa kweli alikuwa anaamini.

Loo! Felicitas alihisi damu inapanda mpaka kwenye nywele. Wiki mbili! Wiki mbili amejikana mwenyewe, ameomba msamaha asipokosea, amecheka asipopenda, amempigia padri magoti kwa ajili ya kahawa ya mwenyekiti! Walikuwa wamemfanya akiogope kifua chake mwenyewe, na ndani ya kifua hicho kulikuwa na haki yake. Alitaka kupiga ukelele hadi Nyanga wausikie. Lakini Gaju alikuwa pale, masikio yamesimama, ngozi inacheza. Akameza, akijua ni kwa ajili ya nani anameza.

"Usije tena zizini, waitu," akasema kwa heshima. "Nakuomba."

Siku zilizobaki alikuwa anatoka na Gaju alfajiri, anashinda naye bondeni kwenye nyasi mbichi za kando ya mto, na mzee Karugendo akajitolea kuketi langoni mwa zizi jioni, kifuko cha mwenyekiti kisipite. Siku mbili za kwanza farasi alikuwa mkali na mzito wa kichwa. Siku ya tatu akalala chini, akajigaragaza, akainuka, akapiga chafya. Siku ya nne akabeba madebe mawili ya maji. Siku ya sita akabeba manne, akapita nayo karibu na vijana waliokuwa wanafanya mazoezi ya ngoma, akazungusha sikio moja tu.

Saba Saba ikafika. Njia ya kuingia barazani ilitandazwa nyasi mbichi kwa heshima ya mgeni, ngoma zikapigwa, akina mama wakapiga vigelegele. Mgeni alikuwa mtu mnene mpole wa miwani, amechoka na barabara. Wakamkalisha mbele. Kando yake, kwenye kiti cha pili, amekaa Kashaija na ile kanzu yake. Felicitas alimwona kutoka mbali, alipokuwa anapanda kutoka mtoni, akashangaa nani amemwalika. Hakuacha kutembea. Gaju alikuwa nyuma yake, madebe manne yamejaa mpaka ukingoni, majani ya mgomba yameelea juu ili maji yasiruke.

Kwenye kona ya mwisho Rugaibula akajitokeza, amevaa shati jipya la kijani, akanyoosha mkono. "Nipe kamba, mama."

Felicitas akampa. Rugaibula akavuta, na Gaju akasimama. Akavuta kwa nguvu, Gaju akasimama zaidi. Watu wakaanza kucheka, na mgeni akavua miwani aifute aone vizuri. Felicitas alipita kando yao, akaendelea na safari yake mikono mitupu, na farasi akamfuata. Ikawa mwanamke mbele, farasi katikati, na mwenyekiti nyuma anakokotwa na kamba aliyoona aibu kuiachia. Mpaka barazani. Felicitas akageuka, akaichukua kamba mkononi mwake, na Gaju akasimama. Halikumwagika hata tone.

Walishangilia, lazima tuwape haki yao. Maulida alishangilia kuliko wote.

"Huyu ndiye mkulima wa mfano!" akasema mgeni. "Mama, ekari yako ni ipi nikaione?"

"Ah, tumeshaandika, ndugu mgeni," akadakia Rugaibula, anahema, uso umejaa furaha ya mtu aliyetimiza ahadi. "Jana tu. Kaya ya Kashaija, huyu hapa shemeji yake. Si nilisema nitakuandika, mama? Nimekuandika. Chini yake."

Kashaija akainua mkono kuwapungia watu.

Felicitas alimtazama Gaju. Aliyaona madebe manne, maji yanang'aa. Akajua kwamba akifungua mdomo sasa, mnyama anaweza kuruka, maji yakamwagika mbele ya mgeni, na kijiji kizima kikasema, unaona? Tulisema. Alijua hilo vizuri kabisa. Akafungua mdomo.

"Kaya ya nani?" Sauti ilimtoka kubwa, ngoma zikanyamaza. "Ya Kashaija? Huyu? Huyu ameshika kamba hii siku gani? Ameonekana Ngenge mara mbili, na mara zote mbili ameonekana kitini! Kibanja cha Nyanga mlimpa, mibuni yangu mkampa, kaburi la mume wangu mkampa, nikasema basi, niko na jembe langu, naondoka. Nimekuja huku porini kwenye mbung'o, na huku nako mmemleta! Mnanichukulia na hii ekari!"

"Mama, hasira..." akaanza Rugaibula.

"Ndiyo, hasira! Ninazo! Nimeambiwa nizimeze, nikazimeza. Mkaniambia ni mimi ninayemtia farasi wazimu, na wewe mwenyekiti unamlisha kahawa kila asubuhi! Niliungama kwa padri makosa yako wewe! Sasa nimechoka kuungama. Nina hasira na wewe, nina hasira na huyu mwenye kanzu, nina hasira na wazee wote walionywa rubisi ya ndizi zangu wakaniita wa kupita. Miaka ishirini na mitatu mtu anapita wapi? Mlisema akipandisha maji mtaniandika. Maji haya hapa. Yahesabuni!"

Maulida alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga. Watu hawakuwa wanamtazama Felicitas. Walikuwa wanamtazama farasi, wakingoja aruke.

Gaju alikuwa amesimama. Sikio moja alilielekeza kwa Felicitas, jingine mtoni. Kamba kati yao ilikuwa imening'inia, imelegea, kwa sababu mkono uliokuwa umeishika ulikuwa umelegea pia, japo mwenye mkono alikuwa anatetemeka kuanzia mabegani kwenda juu.

Mgeni akakohoa. "Daftari liko wapi?" akauliza.

Clavery akalileta, akalifungua mezani kwenye ukurasa wa jana. Kashaija akainama mbele kwenye kiti chake. Clavery akamtazama mgeni, mgeni akamtazama Rugaibula, naye Rugaibula alikuwa anatazama shati lake jipya. Hakuna aliyesema andika, na hakuna aliyesema usiandike.

"Felicitas," akasema Felicitas, sasa kwa sauti ya kawaida. "Mimi najua kusoma. Nitasimama hapa mpaka nilione jina langu."

Clavery akafungua kifuniko cha kalamu. Jua lilikuwa kali, na mzigo ulikuwa mzito, na hakuna aliyejongea. Gaju akashusha kichwa, akanusa nyasi zilizotandazwa kwa ajili ya mgeni, akaanza kuzila taratibu pale pale miguuni pa meza, na maji kwenye madebe yakacheza kidogo, yakatulia.